Bumu la Bara, Bei za Unguja

Mdogo wangu, hongera sana. Majina yametoka, chuo chako kiko Unguja, na najua nyumbani wameshaanza kukutania kwamba unakwenda kula bata ufukweni. Wewe lakini umeiona hesabu ya mama, unajua mahindi yameuzwa kwa bei gani mwaka huu, na ndiyo maana umechukua kalamu ukaniandikia. Hauko peke yako. Msimu huu barua za namna hii zimenijia kutoka Kahama, Singida, Mbeya, hata Mafia, kwa kijana ambaye maji hayamtishi kabisa, bei ndiyo inamtisha. Swali lenu ni moja: nitaishije Zanzibar na hela hii niliyonayo?

Utaishi. Mimi mwenyewe nilivuka maji kuja kusoma, nikabaki, na kila mwaka nawaona watoto wa wakulima wakimaliza chuo hapa bila deni la mtu. Nawaona pia wenye akili nyingi darasani wakiahirisha mwaka kwa sababu ya pesa ambayo ingetosha kama wangejua mapema mambo machache. Hayo machache ndiyo nataka tuzungumze leo, taratibu, kama dada na mdogo wake.

Kabla hujafunga begi, elewa kwamba Unguja ni kisiwa kimoja chenye bei mbili. Iko bei ya mtu aliyekuja kupumzika, na iko bei ya mtu anayeamka alfajiri kwenda kazini. Ya kwanza utaikuta Mji Mkongwe, Nungwi, Kendwa, Paje na Jambiani. Ya pili iko Ng'ambo, Mwanakwerekwe, Fuoni, Mwera, Bububu, huko wanakoishi walimu, wauguzi, madereva na wauza samaki. Mwanafunzi anayefilisika hapa mara nyingi ni yule aliyekaa upande wa bei isiyo yake. Anapanga chumba mjini kwa sababu kuna watu na taa, anakula Forodhani kwa sababu wenzake wanapiga picha huko, na kufika wiki ya tatu anapiga simu nyumbani akilia.

Hata huo upande wa pili si rahisi kama ulikotoka, na ni vizuri ujue sababu ili usidhani kila muuzaji anakuibia. Vitunguu, viazi, tungule (ndiyo nyanya, utazoea) na maharage kwa sehemu kubwa vinaletwa na vyombo kutoka bara, na mchele mwingi unatoka mbali zaidi, nchi za nje. Kila kitunguu unachokiona sokoni kimeshalipa nauli kabla yako. Halafu kuna hoteli. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu karibu milioni 1.9 Unguja na Pemba pamoja, na mwaka 2023 peke yake waliingia wageni zaidi ya laki sita. Wageni hao wanakula samaki wale wale, pweza yule yule, tungule zile zile. Kwa hiyo Julai hadi Septemba, na tena mwisho wa mwaka, mahoteli yakijaa, sokoni nako utausikia msimu. Masika yakiingia, mahoteli mengine yakafunga, utapumua kidogo.

Haya, sasa tufungue daftari. Mwenye mkopo wa Bodi ya Mikopo, ile HESLB, anajua kwamba posho ya chakula na malazi ilipandishwa mwaka 2022 kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Bumu, yaani posho hiyo, la siku 60 kwa aliyepangiwa yote ni 600,000. Ukiziona zimeingia kwa mkupuo mmoja utadhani umetajirika. Zigawe hapo hapo. Ni laki tatu kwa mwezi. Tuchukulie chumba mnachangia wawili na fungu lako ni 50,000. Nauli za daladala tuseme 40,000. Umeme, maji na gesi 20,000. Bando na kurudufu makaratasi ya masomo 20,000. Imebaki 170,000, yaani 5,600 na ushee kwa siku ya kula, kuoga sabuni, kuugua na kila kitu kingine. Hizo ni namba za mfano, weka za kwako, lakini hesabu ifanye kwa kalamu na si kichwani. Kwa 5,600, kula mgahawani asubuhi, mchana na usiku hakuingii. Kupika kunaingia, na chenji inabaki.

Nina mambo mawili kuhusu hilo bumu. Moja, bumu la kwanza huchelewa. Una usajili, una akaunti ya benki ya kuhakikiwa, una kusaini, na jina lako likipishana herufi moja kati ya cheti na benki unaweza kuzungushwa wiki kadhaa. Njoo na pesa ya kuishi mwezi mzima mkononi hata kama mkopo umeshapangiwa. Kama familia inaweza kukuchangia mara moja tu, basi mchango huo uwe wa mwezi huo wa kwanza. Mbili, likiingia, lipa kodi ya miezi miwili siku hiyo hiyo, toa nauli ya kurudi nyumbani uiweke kando, halafu kinachobaki kigawe kwa wiki nane. Kiache benki, kila Jumamosi hamishia kwenye simu fungu la wiki moja tu. Wiki ikiisha na pesa imeisha, kula muhogo mpaka Jumamosi. Usiguse wiki inayofuata. Wiki ya kwanza hakuna anayelala na njaa. Wiki ya saba ndiyo watu huanza kuuza simu.

Na simu hiyo hiyo ndiyo itakayokuletea maangamizi. Kuna mikopo ya mitandaoni inayokupa elfu ishirini leo, wiki ijayo wanadai thelathini, na usipolipa wanawapigia namba zote zilizo kwenye simu yako, mpaka mchungaji wenu. Kuna kausha damu, mikopo ya mtaani yenye riba kubwa. Kuna mikeka ya kubeti, ambayo katika kila bweni yupo mmoja aliyewahi kushinda na wote mnamjua, na hao kumi waliopoteza ada hawasemi. Nakuomba, mdogo wangu, na hapa nakuomba kweli: ukikwama, mwendee mshauri wa wanafunzi, waendee viongozi wa serikali ya wanafunzi, mwombe mhasibu akugawie ada kwa awamu, uliza msikitini au kanisani kwako. Kuona haya kwa siku moja kunavumilika. Deni la kausha damu linakufuata mpaka chumba cha mtihani.

Tuje kwenye mahali pa kulala, maana hapo ndipo pesa nyingi hukatika, na ukikosea hurekebishi haraka. Kitu ambacho wengi hawakifanyi ni kuuliza wanasomea kampasi ipi. Jina la chuo kwenye barua halitoshi. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, makao yake ni Tunguu, lakini kina kampasi Vuga mjini, kina Nkrumah kule Beit el Ras, kina Mbweni kwa watu wa afya, kina Maruhubi kwa watu wa utalii. Chuo Kikuu cha Zanzibar nacho kiko Tunguu. Chuo cha SUMAIT kiko Chukwani. Kutoka Tunguu hadi Beit el Ras ni safari ya kuvuka mji mzima. Nimewaona waliolipia chumba cha miezi sita Bububu, wakaja kugundua vipindi vyao viko Tunguu, na kila siku wanapanda gari mbili kwenda na mbili kurudi. Nauli nne kwa siku, siku tano kwa wiki, ni chakula kile.

Kanuni yangu ni kwamba gari iwe moja tu, au miguu. Wa Tunguu tafuteni Tunguu kwenyewe, Jumbi, au karibu na Mwanakwerekwe kwenye njia hiyo. Wa Nkrumah, magari ya 502 ya Bububu yanapita hapo, tafuteni kwenye barabara hiyo. Wa Mbweni na Chukwani, maeneo yenyewe yamepanda bei kwa nyumba za wenye nazo, ila ukirudi nyuma kidogo upande wa Tomondo au Mombasa ya hapa hapa Unguja utapata chumba cha kawaida. Na kama chuo kina dakhalia, yaani bweni, omba siku ile ile unayopata barua ya udahili. Mwaka wa kwanza dakhalia ina thamani kuliko bei yake: maji yapo, ulinzi upo, na utawajua watu wa kuchangia nao chumba mwaka wa pili. Kuwachagua kwa picha ya WhatsApp ni hatari.

Usitume hela ya chumba ukiwa bado bara. Kuna matapeli wanaopiga picha nyumba isiyo yao, wanakuambia kuna mwingine anaitaka, tuma nusu nikushikie. Fika kwanza, fikia kwa mtu wa kwenu au omba chuo kikuelekeze pa kulala siku mbili tatu, kisha tembea. Ukiingia chumbani uliza maji. Uliza kama ni ya ZAWA, mamlaka ya maji, au ya kisima, yanatoka siku zote au kwa mgao, na uyaonje, kwa sababu pembezoni mwa bahari visima vingine vina chumvi, na maji ya kunywa utayanunua kwa dumu. Uliza umeme: huku mita ya kulipia kabla inaitwa Tukuza, na unataka kujua kama chumba kina yake au mnachangia na mwenye friji tatu. Tazama dirisha. Kuanzia Desemba hadi Machi, joto la kaskazi kwenye chumba kisicho na upepo litakufanya uwashe feni usiku kucha, na hiyo feni inakula fedha. Uliza pa kupikia. Uliza lango linafungwa saa ngapi, na wageni wanaruhusiwa vipi, usije ukabishana na mama mwenye nyumba juu ya jambo alilokuwa nalo tangu hujazaliwa.

Ukishahamia, mwombe mwenye nyumba akupeleke kwa sheha, yaani kiongozi wa shehia yenu, kama mwenyekiti wa mtaa kule bara. Watoto wa bara wengi huliruka hili, wanaona ni usumbufu. Sheha ndiye atakayesema "huyu namjua" siku unapotaka barua, siku umeibiwa, siku mwenye nyumba anataka kukutoa kabla ya muda. Nenda na nakala ya kitambulisho na barua ya chuo. Salimia vizuri, kaa ulipoonyeshwa, usiwe na haraka.

Sasa chakula. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kwa mwanafunzi hapa ndipo kisiwa kinapokuwa kigumu au chepesi.

Nenda soko la Mwanakwerekwe jioni, jua linapoanza kushuka. Asubuhi wananunua wenye migahawa na wenye magari. Jioni muuzaji wa vibua ana mafungu yake yamebaki mezani, barafu imeyeyuka, na hataki kurudi nayo nyumbani. Usisimame mbali ukauliza "bei gani?" kama unayekagua. Sogea, toa salamu, muulize hali, naye akikuuliza jibu. Inua samaki mmoja, fungua shavu: likiwa jekundu na jicho halijazama, huyo ni wa leo. Shavu likiwa la kahawia, shukuru na upite meza ya pili. Kisha sema kwa sauti ya kawaida, "Fungu hili nifanyie bei ya mwanafunzi, na kesho nitakuja kwako." Halafu kesho nenda kweli kwake. Ukienda kwake mara kwa mara, atakuongezea wawili bila kuombwa. Nyumbani, kama huna friji, wasafishe na uwachemshe usiku huo huo kwa chumvi na ndimu, kesho mchana watakubali mchuzi.

Na ujifunze kutazama mwezi. Vibua na dagaa wengi huvuliwa usiku kwa taa, na taa inamvuta samaki pakiwa giza. Mwezi ukiwa mpevu, vyombo vingi vinapumzika, samaki wanaadimika na bei inaruka. Siku za giza nunua samaki. Siku za mbalamwezi rudi kwenye maharage, choroko, na mbaazi za nazi. Usisahau dagaa wakavu, wale wale wanaofungwa kwenye magunia hapa wakasafirishwa mpaka Kongo. Hao wanakaa kabatini wiki na wiki, ukiwakaanga kwa kitunguu na ndimu hawana mfano, na siku ya mwisho wa wiki pesa ikikata ndio watakuokoa.

Mchele, zoea wa mapembe. Najua wewe umekulia wa Kyela na utaona hauna harufu. Wenyeji wengi wanaula kila siku, una bei ya chini, na ukiupikia tui la nazi ya kukuna mwenyewe utausahau unyonge wake. Nunua mbuzi ya kukunia nazi mapema. Muhogo, majimbi, ndizi, na shelisheli wakati wake: hivyo vinalimwa hapa hapa, na siku nyingi vinashibisha kuliko ugali wa unga uliovuka maji. Tungule zikipanda bei, mpishi wa Unguja anatia ukwaju au embe mbichi kwenye mchuzi na hakuna anayelalamika. Asubuhi, boflo na maharage au mbaazi kwa mama wa jirani zitakufikisha hadi saa nane. Urojo ule, usijinyime, ni raha ya mji huu. Ila ule wa mtaani kwenu, na uwe wa Ijumaa.

Pikeni pamoja. Watu watatu, sufuria moja, mchango Jumapili jioni kabla ya kitu kingine, na aliyeshindwa kuchanga wiki hiyo aseme mapema, achote maji na kuosha vyombo wiki nzima. Wanne na zaidi huwa na maneno. Watatu wanaelewana.

Watu huniuliza walete nini kutoka bara. Leta maharage, karanga na mchele kiasi unachoweza kubeba mwenyewe kwa mikono yako miwili, kwa sababu mzigo mkubwa unalipiwa na bandarini kila anayeushika anataka chake. Leta chandarua, shuka, sufuria mbili, kisu. Godoro na meza usilete. Mwisho wa mwaka wa masomo wanaohitimu wanauza kila kitu kwa haraka, na ukiingia kwenye makundi yao mapema utapata jiko la gesi, feni na godoro kwa bei ya kutupa.

Nije kwenye watu. Utaitwa "mtu wa bara." Usivimbe. Mara nyingi ni kukutambulisha tu, kama kwenu wanavyosema "yule wa Ukerewe." Anza wewe kutoa salamu, hata kwa mtoto, hata kwa mzee uliyepishana naye asubuhi hiyo hiyo. Vaa kwa stara ukitoka, wa kike na wa kiume, kaptula ya mazoezi ibaki uwanjani. Wenyeji hawatakusema usoni ukikosea, ndiyo maana wengi hawajui walichokosea. Watakunyamazia tu, na huku ukinyamaziwa, maisha yanakuwa ghali: hakuna wa kukuambia chumba kimepatikana, hakuna wa kukukopesha nazi.

Ramadhani ikifika na wewe hufungi, mipango ibadilike. Mchana migahawa mingi hufungwa, na kula au kunywa hadharani ni kuvunja heshima ya mji mzima. Polisi wamewahi kukamata watu kwa hilo. Pika usiku, kula ndani asubuhi, chukua chupa yako ya maji ukaifungulie mahali pa faragha. Muhogo, ndizi na majimbi vitapanda bei kwa sababu kila nyumba inavitaka kwa futari, kwa hiyo nunua maharage na mchele wa mwezi mzima kabla haujaandama. Lakini magharibi utasikia hodi. Ni mtoto wa jirani na sahani iliyofunikwa, muhogo wa nazi, kipande cha samaki, labda tambi. Hawakuulizi dini. Pokea kwa mikono miwili, mwambie amshukuru mama. Na sahani hiyo usiirudishe tupu. Najua huna kitu. Weka ndimu tatu, weka karanga kiganja kimoja kutoka zile ulizokuja nazo, weka chapati moja ukipika. Jirani haangalii ukubwa. Anaangalia kwamba umeelewa. Kuna wanafunzi, Wakristo kwa Waislamu, waliokula mwezi mzima hivyo na wakawa watoto wa nyumba hizo mpaka leo.

Kama ni Mkristo usijione mgeni kabisa. Kanisa la Mkunazini lipo, kanisa la Minara Miwili lipo, na jumuiya ndogo ndogo mitaani zipo. Nenda Jumapili ya kwanza, jitambulishe. Hapo utapata mama wa kukualika ubwabwa.

Kuna mahali nisingependa ubane matumizi hata shilingi moja, napo ni baharini. Mwaka 2011 meli ya Spice Islander ilizama usiku ikielekea Pemba, na mwaka 2012 Skagit ikazama ikitoka Dar es Salaam kuja hapa. Familia nyingi za visiwa hivi bado zina jina la mtu ambaye hakuonekana. Panda boti inayoeleweka, yenye tiketi yenye jina lako. Boti za mwendo kasi zinachukua kama saa mbili, na Mtanzania analipa kwa shilingi nauli ya chini kuliko mgeni, kwa hiyo kitambulisho kiwe mfukoni. Ukiona chombo kimejaa kupita kiasi, shuka, hata kama umeshalipa. Wakitangaza upepo mkali na safari zimesitishwa, lala Dar siku moja zaidi. Usimsikilize mtu wa jahazi anayekuambia atakuvusha kwa nusu bei kutoka Bagamoyo.

Ukishuka bandarini Malindi, papasi, yaani wale wanaowinda wageni, watakupokea kwa tabasamu na mkono kwenye begi lako. Sema "ahsante, nina mwenyeji," shika mzigo wako, toka nje ya geti, ulizia daladala.

Kuongeza kipato kunawezekana, ila chagua. Tuisheni kwa watoto wa skuli ndiyo kazi bora kwa mwanafunzi: hisabati, Kiingereza, sayansi, nyumba kwa nyumba, jioni mbili au tatu kwa wiki. Anza na mtoto wa mwenye nyumba kwa bei ndogo, akifaulu mtaa mzima utakujua. Vuga, pale ilipokuwa TAKILUKI, ile taasisi ya Kiswahili na lugha za kigeni, wageni huja kujifunza Kiswahili, na wengine wanatafuta mtu wa kuzungumza naye saa moja kwa siku baada ya kipindi. Ukiwa na Kiswahili safi na subira, uliza hapo. Kutembeza watalii kuna leseni yake kutoka Kamisheni ya Utalii, usijiingize kienyeji ukaishia kituoni. Na kazi za hoteli za kule Nungwi na Paje ziache mpaka likizo. Usiku mmoja wa zamu huko unakupotezea vipindi vya siku mbili.

Kuna jambo ambalo wasichana wawili waliniandikia kwa mafumbo, nami nitalijibu waziwazi. Ukiwa na shida ya kodi, atatokea mtu mzima mwenye gari atakayesema yeye hataki kitu, anapenda tu kusaidia wanafunzi. Kwa wavulana, atatokea rafiki wa ufukweni atakayesema kuna mzungu anatafuta kampani. Sikuhukumu, mdogo wangu, na ukiwa umeshaingia bado wewe ni mdogo wangu na unaweza kuniandikia. Lakini anayekulipia kodi ana ufunguo wa chumba chako, na siku utakapotaka aurudishe ndiyo utajua bei yake halisi. Kodi ya miezi miwili uliyoilipa siku bumu linaingia inakupa nguvu ya kusema hapana. Ndiyo maana nimeisisitiza mapema kule juu.

Raha zipo, na nyingi hazina kiingilio. Bahari ni ya watu wote, nenda asubuhi maji yakiwa yamejaa. Kahawa ya barazani na kashata inauzwa kwa sarafu, na kwenye baraza hizo utasikia siasa, mpira na historia ambayo hakuna mhadhiri atakayekufundisha. Februari kuna tamasha la Sauti za Busara, Ngome Kongwe. Tiketi ya Mtanzania huwa tofauti na ya mgeni, weka akiba kidogo kidogo kuanzia Novemba ukaone walau usiku mmoja.

Na ile nauli ya kurudi uliyoitoa siku ya kwanza, usiiweke kwenye simu yako, kwa sababu simu haina siri. Mpe mtu asiyeweza kukuhurumia ukija kuiomba: mama mwenye nyumba anafaa, au dada mkubwa wa jumuiya. Mitihani ikiisha, vyuo hufunga siku zinazokaribiana na wote mnakimbilia bandari moja, na ikigongana na Idi au Krismasi unaweza kukuta boti imejaa siku mbili. Kata tiketi wiki moja kabla, rudisha ufunguo ukiwa na shahidi, muulize mwenye nyumba kama atakushikia chumba na kwa shilingi ngapi, na mwandikishiane kwenye karatasi. Kisha mpigie mama umwambie unafika siku gani. Na umwambie ukweli kuhusu pesa muhula huu imekwendaje, ili mkae pamoja mpange wa pili.

Aliyeniandikia kuhusu kampasi ya Pemba, barua yako nimeipata. Chake Chake na Wete wana bei zao na boti zao, nitakujibu toleo lijalo.